Kumwandaa Mwanafunzi Kuomba Uanagenzi: Masomo Matano Kuhusu Karakana ya Magari na Vyuma

Utangulizi

Mwalimu wa darasa la mwisho katika shule ya msingi aghalabu huulizwa swali lisilomo katika kitabu chochote cha kiada: "Mwalimu, nikitaka kuwa fundi wa magari nifanyeje?" Jibu linalotolewa mara nyingi ni fupi: "Nenda gereji ukaombe." Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Kuomba nafasi ya kujifunza kazi ni stadi, kama vile kusoma ramani au kuandika insha kulivyo stadi. Na stadi hufundishwa. Mtoto asiyefundishwa kuomba huomba vibaya, na aombaye vibaya hukataliwa, au hupokewa kwa masharti asiyoyajua.

Tumfikirie kijana aliyepokewa gerejini kwa namna hiyo. Mwaka wa kwanza anaosha vipuri kwa petroli na kutumwa chai. Mwaka wa pili anashika taa huku fundi akifungua injini. Mwaka wa tatu bado anashika taa. Hakuna aliyemdanganya, maana hakuna aliyemwahidi kitu. Hakuuliza atajifunza nini, kwa muda gani, wala atajuaje kwamba amefuzu. Miaka mitatu ya ujana wake imepita, naye hana cheti, hana mshahara, na hana kazi moja anayoweza kuifanya peke yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Shabaha ya makala haya ni kumsaidia mwalimu-mwanafunzi aone jinsi masomo ya kawaida ya shule ya msingi, yaani Kiswahili, Hisabati na Sayansi, yanavyoweza kumwandaa mtoto kuomba uanagenzi kwa akili na kwa heshima. Hatumtaki mwalimu awe fundi makanika. Tunamtaka awe mwalimu, na afanye kazi ambayo fundi hana nafasi ya kuifanya.

Mazingira ya mfano: Jorodom

Somo zuri huanzia katika mazingira ya mtoto. Tumechagua Jorodom, wilayani Hanang katika mkoa wa Manyara, chini ya mlima Hanang na jirani na mji wa Katesh. Yatakayosemwa hapa yanafaa pia katika vijiji vya Mbulu, na mwalimu aliyepangwa kwingineko atabadilisha mifano tu.

Watu wa sehemu hizi hawakuanza jana kuishi na chuma. Miongoni mwa Wadatoga wapo wahunzi wajulikanao kwa jina la Gidang'odiga, ambao kwa mivukuto na nyundo hufua mikuki, vichwa vya mishale na bangili, wakitumia vyuma na shaba zilizokwisha kutupwa. Kazi hiyo hurithishwa ndani ya ukoo. Mtoto huanza kwa kuvukuta moto, hufuata kushika koleo, na hatimaye hupewa nyundo. Huo ni uanagenzi kamili, wenye hatua zinazojulikana, ingawa haukuandikwa popote.

Baadaye zilikuja mashine. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO liliendesha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, kwa matrekta na mashine za kuvunia. Mashamba hayo yaliwanyang'anya wafugaji wa Kibarabaig malisho yao, na madai yao yalifika mahakamani katika miaka ya 1980. Mwalimu asilifiche jambo hilo. Lakini mashine hizo pia zilihitaji karakana, na karakana zilihitaji mafundi. Mashamba yalitoka baadaye mikononi mwa shirika hilo, ila trekta na plau hazikuondoka. Leo barabara kuu itokayo Singida kwenda Babati inapita Katesh, nayo huleta malori, mabasi na pikipiki zinazoharibika kama vyombo vyote vinavyoharibika. Wakulima wanahitaji matela, mikokoteni ya maksai na majembe ya plau. Wenye nyumba wanahitaji mageti na madirisha. Wenye magari wanahitaji keria na bodi zilizoungwa upya. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtoto wa Jorodom anaviona kila siku. Ni wajibu wetu kumwongoza aulize vimeundwaje, na nani atakayemfundisha.

Iko sababu nyingine, nayo ni nzito. Tarehe 3 Desemba 2023 mafuriko ya tope na mawe kutoka mlima Hanang yaliikumba Katesh na sehemu za jirani, Jorodom ikiwemo, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Nyumba, mashamba na mifugo vilifukiwa. Kwa mtoto ambaye urithi wake ulikuwa shamba na mifugo hiyo, kazi ya mikono ni urithi mwingine ambao tope haliwezi kuuchukua.

Uanagenzi ni nini

Uanagenzi ni mapatano ya kujifunza kazi kwa kuitenda, chini ya fundi aliyebobea, kwa muda unaojulikana. Maneno matatu katika maelezo haya yakaziwe darasani: mapatano, kutenda, na muda. Likikosekana la kwanza, kijana ni mtumishi. Likikosekana la pili, ni mtazamaji. Likikosekana la tatu, ni mtu asiyejua safari yake inaishia wapi.

Katika nchi yetu mafunzo haya yana historia ndefu. Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, imwandae mtoto kwa maisha atakayoyaishi, wala isiwe ngazi tu ya kupandia sekondari. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975. Sheria ya mafunzo ya ufundi ilitungwa mwaka 1974, na ile ya mwaka 1994 ikaunda VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Mwaka 2017 Serikali ilitoa mwongozo wa taifa wa mafunzo ya uanagenzi, na miongoni mwa mambo yake ni mkataba wa maandishi. Tena, kuanzia mwaka 2024 baadhi ya shule za sekondari zimeanza kufundisha mkondo wa amali.

Kwa hiyo basi, njia zilizo mbele ya kijana wa Jorodom ni zaidi ya moja, na mwalimu azieleze zote. Anaweza kusoma ufundi katika mkondo wa amali. Anaweza kwenda chuo cha VETA, ambako ufundi magari na uchomeleaji ni fani mbili tofauti, na ambako ujuzi hupimwa kwa ngazi ya I, ya II na ya III. Anaweza pia kujifunza katika karakana ya mtu binafsi. Aliyejifunza kwa njia hii ya mwisho hajafungiwa mlango, kwani VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na mwenye kufaulu hupewa cheti. Mafundi wengi wazuri hawalijui jambo hili. Mtoto akilijua mapema, atajifunza kazi zake kwa mpango tangu siku ya kwanza, akijua kwamba iko siku atapimwa.

Suala la umri

Hapa mwalimu awe mwangalifu sana. Masomo tunayoyapendekeza si ya kumtoa mtoto shuleni na kumpeleka gerejini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliyetimiza umri huo anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kuhudhuria shule. Na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuajiriwa mahali pa hatari, isipokuwa pale sheria zinazosimamia mafunzo zinaporuhusu, na kwa ulinzi kamili wa afya na usalama wake. Tena, tangu mwaka 2016 elimu ya sekondari hadi kidato cha nne hutolewa bila ada katika shule za umma.

Mzazi akisema, "Mwalimu, kama mmekwisha mfundisha kuomba kazi, basi aende," mwalimu ajibu kwa upole lakini bila kuyumba: tumemfundisha leo ili siku yake ikifika asitangetange. Mkulima hunoa jembe kabla ya mvua. Hamaanishi kwamba analima kiangazi.

Mpango wa masomo matano

Mpango huu ni wa darasa la sita au la saba. Masomo yafuatane kwa muda wa wiki mbili hivi, kila moja ndani ya kipindi cha somo lake la kawaida.

Somo la kwanza: Kutazama karakana (Sayansi)

Shabaha: mwanafunzi aweze kutaja kazi kuu za karakana, zana zake na hatari zake.

Mwalimu aende kwanza peke yake, aombe ruhusa na kupatana na fundi siku isiyo na kazi nyingi. Siku ya mnada haifai. Wanafunzi wagawanywe vikundi, na kila kikundi kipewe jambo moja la kutazama. Kikundi cha kwanza kitazame upande wa magari: injini, klachi, breki, springi na betri. Cha pili kitazame upande wa vyuma: jiriwa, tupa, msumeno, grenda na mashine ya kuchomelea. Cha tatu kitazame watu: nani anaagiza, nani anafanya, nani anajifunza, na anayejifunza anafanya nini hasa. Kikundi hiki cha tatu ndicho chenye kazi kubwa kuliko vyote, na mwalimu akipe wanafunzi wake wenye macho makali.

Wanafunzi wasimame mbali na mahali pa kuchomelea, wala wasiutazame mwanga wake. Mwanga huo huunguza macho pasipo mtu kujua papo hapo; maumivu huja baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku, macho yakawa kama yametiwa mchanga. Wakirudi darasani, mwalimu aongeze hatari nyingine kwa sababu zake za kisayansi. Tangi la petroli lililo tupu ni la hatari wakati wa kuchomelea, maana mvuke uliobaki ndani hulipuka. Betri inayochajiwa hutoa gesi iwakayo. Gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake halina usalama mpaka liwekewe stendi imara. Mwanafunzi aeleze kwa nini, asikariri tu.

Somo la pili: Barua ya maombi (Kiswahili)

Shabaha: mwanafunzi aweze kuandika barua rasmi fupi ya kuomba nafasi ya uanagenzi.

Mwalimu aandike ubaoni barua dhaifu: "Naomba kazi yoyote. Nina shida sana. Nitafanya lolote utakaloniambia. Naomba unisaidie." Awaulize wanafunzi: fundi akisoma barua hii, amejifunza nini juu ya mwandishi? Watagundua kwamba amejua shida yake tu. Mtu aliyeahidi kufanya lolote ndiye atakayetumwa chai miaka mitatu. Kisha aonyeshe barua nyingine, akiwaambia wanafunzi wajifikirie kuwa wametimiza miaka 18 na kumaliza kidato cha nne:

"Ndugu Fundi Mkuu,

YAH: KUOMBA NAFASI YA UANAGENZI

Mimi ni mkazi wa Jorodom, nina umri wa miaka 18, nami nimemaliza kidato cha nne. Naomba nafasi ya kujifunza ufundi wa magari na uundaji wa vyuma katika karakana yako.

Nimeichagua karakana yako kwa sababu nimeona matela mliyoyaunda kwa wakulima wa kwetu. Nyumbani hutengeneza baiskeli na kunoa majembe ya plau, lakini sijawahi kufungua injini. Najua kupima kwa futi kamba na kusoma mchoro mwepesi.

Naomba unipangie siku ya kuja kukuona, pamoja na mzazi wangu, ili tuzungumzie muda wa mafunzo na masharti yake.

Wako mtiifu,"

Wanafunzi waorodheshe mambo yaliyomo: anaomba nini, kwa nini hapa, anajua nini, hajui nini, na anataka hatua gani ifuate. Mwalimu akazie sentensi isemayo "sijawahi kufungua injini". Fundi humwamini zaidi mtu akirie mpaka wa ujuzi wake kuliko ajisifuye, kwa kuwa mwongo katika karakana huharibu mali za watu. Kisha kila mwanafunzi aandike barua yake kwa maneno yake mwenyewe. Wengi wa watoto wetu huzungumza Kiiraqw au Kidatoga nyumbani. Kwa hiyo wapewe nafasi ya kuisema barua kwa mdomo kwanza, wawili wawili, kabla ya kushika kalamu.

Somo la tatu: Mazungumzo na fundi (Kiswahili, maigizo)

Shabaha: mwanafunzi aweze kuzungumza na fundi kwa adabu na kuuliza maswali ya lazima.

Mwanafunzi mmoja awe fundi, mwingine awe kijana. Mwalimu anaweza kuanza na mfano huu:

KIJANA: Shikamoo fundi.
FUNDI: Marahaba. Unasemaje?
KIJANA: Nimeitikia wito wako, fundi, juu ya barua yangu. Huyu ni baba yangu.
FUNDI: Karibuni. Wote husema wanataka kujifunza. Wiki ya pili siwaoni. Mimi sina mshahara wa kukupa.
KIJANA: Nimeelewa, fundi. Naomba kujua, nitaanza na kazi gani, na baada ya muda gani nitaanza nyingine?
FUNDI: Utaanza na usafi na kujua zana. Ukizijua, tutaona.
KIJANA: Sawa, fundi. Tukisema miezi mitatu ya zana, kisha breki na magurudumu, itafaa?
FUNDI: (Anacheka.) Umejipanga. Haya, itafaa.
KIJANA: Na nikiumia kazini, gharama ya matibabu itakuwa juu ya nani?

Darasa lijadili swali hilo la mwisho. Wapo watakaosema kwamba ni utovu wa adabu kumwuliza mkubwa jambo kama hilo. Mwalimu asiwakemee; awaulize namna nyingine ya kulisema, na kama ingefaa liulizwe na baba. Adabu yetu haikatazi kuuliza. Inatufundisha namna ya kuuliza. Kijana anyamazaye kwa heshima leo atanung'unika kwa hasira kesho, na hapo ndipo heshima inapovunjika. Wasichana nao wapewe nafasi ya kuwa fundi na ya kuwa mwombaji, kwani spana haiulizi imeshikwa na nani.

Somo la nne: Vipimo kabla ya msumeno (Hisabati)

Shabaha: mwanafunzi aweze kukadiria vyuma vya kazi ndogo na kuthibitisha pembe mraba.

Tatizo liwe hili. Mkulima anataka fremu ya kitako cha mkokoteni, urefu meta 1.8 na upana meta 1.2 kwa vipimo vya nje. Chuma kilichopo ni bomba moja la mraba, unene wa milimita 40, urefu meta 6. Je, litatosha?

Wanafunzi wengi watajumlisha: 1.8 + 1.8 + 1.2 + 1.2 = 6.0. Watasema linatosha barabara. Mwalimu awakumbushe kwamba diski ya grenda hula chuma, tuseme milimita 3 kila mkato. Kupata vipande vinne inabidi kukata mara tatu, yaani kupoteza milimita 9. Kipande cha mwisho kitapungua. Basi halitoshi?

Hapo waichore fremu na kutazama pembe. Vipande virefu vikiwa na meta 1.8 kamili, vile vifupi hukaa katikati yake, na kila kimoja hupunguzwa unene wa mabomba mawili, yaani milimita 80. Kipande kifupi basi ni meta 1.12. Jumla ni 1.8 × 2 + 1.12 × 2 = 5.84. Kwa kuwa sasa patakuwa na bakaa, mikato ni minne, nayo hula milimita 12. Jumla yote ni meta 5.852, na bakaa ni milimita 148. Bomba limetosha. Mteja ameokolewa gharama ya bomba la pili, si kwa nguvu za mikono bali kwa kuchora kabla ya kukata.

Mwisho waulizwe: tutajuaje kwamba fremu imekaa mraba kabla ya kuichomelea? Wapime mishazari miwili kutoka pembe hadi pembe. Ikiwa sawa, fremu ni mraba. Kwa kanuni ya pembetatu mraba, kila mshazari uwe karibu meta 2.16. Ikiwa kuna nafasi, wajadili pia namba za spana. Namba hiyo ni upana wa kichwa cha bolti, si unene wa mwili wake; bolti yenye mwili wa milimita 8 kwa kawaida hufunguliwa kwa spana namba 12 au 13.

Kijana aendaye karakana akiwa ameyaelewa haya si mshika taa. Amekuja na kitu mkononi.

Somo la tano: Kuandika mapatano (Kiswahili)

Shabaha: mwanafunzi aweze kutaja na kuandika masharti makuu ya mapatano ya uanagenzi.

Kila kikundi kitunge mapatano ya ukurasa mmoja, yenye mambo yafuatayo: majina ya pande zote, pamoja na mzazi au mlezi, kazi zitakazofundishwa kwa mfuatano, muda wa mafunzo na muda wa majaribio, saa za kazi na siku ya mapumziko, posho au chakula, na kama kuna malipo kwa fundi, zana za kujikinga na nani atazinunua, matibabu ya ajali, namna ya kupimwa mwishoni, na jinsi ya kuachana pasipo ugomvi. Vikundi vibadilishane karatasi na kutafuta mianya. Kwa mfano, "atafundishwa mpaka ajue" ni maneno mazuri yasiyo na mwisho. Nani ataamua kwamba amejua? Afadhali kuandika kazi zenyewe: kubadilisha viatu vya breki, kufunga klachi, kuunda geti kutokana na mchoro. Kazi iliyotajwa hupimika.

Upimaji

Mwalimu asipime kwa maswali ya kukariri peke yake. Tunapendekeza vipimo vitatu. Kwanza, barua ya kila mwanafunzi isahihishwe kwa mambo matano yaliyotajwa katika somo la pili, na tahajia iwe jambo la sita. Pili, mwanafunzi apewe mapatano yenye kasoro azitafute. Tatu, apewe tatizo la vipimo ambalo hakulifanya darasani. Ikiwezekana, barua bora zisomwe na fundi mwenyewe, aseme angemwita nani na kwa nini. Maoni yake yatawafundisha watoto na mwalimu pia.

Matatizo yanayoweza kutokea

Shule nyingine ziko mbali na karakana yoyote. Hapo mwalimu amwalike fundi baiskeli, mhunzi au mwenye mashine ya kusaga, kwani mambo ya kutazama ni yale yale. Mwalimu mwingine ataona haya kwa kuwa hajui injini. Asione haya, afanye maswali yake kwa fundi kuwa sehemu ya somo, ili watoto waone mtu mzima anavyouliza asilolijua. Wako pia mafundi watakaoogopa kwamba vijana wenye kujua masharti watawasumbua. Mwalimu awaeleze kwamba mapatano humlinda fundi vile vile, maana kijana aliyetia sahihi muda wake hatakimbia punde tu anapojua kubadilisha oili.

Hitimisho

Masomo haya matano hayahitaji vifaa vya bei wala ruhusa ya kubadili muhtasari. Barua rasmi imo katika Kiswahili; vipimo vimo katika Hisabati; usalama umo katika Sayansi. Kilichoongezwa ni kuvielekeza vyote katika mlango mmoja ambao wengi wa wanafunzi wetu wataufikia siku moja, wakiwa wamemaliza sekondari au la. Fundi atamfundisha kijana kufungua injini. Lakini kumfundisha kuuliza, kupima, kusoma anachotia sahihi, na kuyasema haya yote kwa adabu, ni kazi ya mwalimu wa shule ya msingi, naye asipoifanya hakuna mwingine aliyepangiwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika eneo mlikopangiwa mazoezi ya kufundisha, ni kazi zipi za mikono zenye uanagenzi wa desturi? Hatua zake ni zipi?

2. Tayarisheni andalio la somo la tatu kwa darasa ambalo wanafunzi wake wengi hawajazoea kuzungumza Kiswahili mbele ya wakubwa.

3. Mzazi anataka mwanawe wa miaka 13 aache shule aende gerejini. Mtamjibu nini, na kwa hoja zipi?

4. Tungeni tatizo la Hisabati linalotokana na kifaa kimoja kilichoundwa kwa vyuma katika kijiji chenu, kisha mlifanye ninyi wenyewe kabla ya kuwapa wanafunzi.